Lori lisilo na dereva barabara ya Tunduma: likigonga mtu, anakwenda polisi nani?

SWALI

"Dada wakili, habari za kazi. Mimi ni mfanyabiashara wa Makambako, nina malori mawili. Yanapeleka mbao Dar, na mzigo ukipatikana yanakwenda mpaka Tunduma. Kijana wangu kanionyesha video ya lori huko Marekani linakata barabara kuu na kiti cha dereva kitupu. Mimi mwenyewe nimeagiza gari dogo la mtumba kutoka Japani, muuzaji anasema linajishikilia kwenye mstari na kufunga breki lenyewe. Naomba kujua: serikali yetu inaruhusu magari ya namna hiyo? Siku likimgonga mtu pale Mbalizi, anakwenda polisi nani: mimi mwenye mali, aliyekaa kwenye kiti, au Mjapani aliyelitengeneza? Na kwa nini serikali isitamke tu ndiyo au hapana, tukajua moja? La mwisho, huyu kijana anataka kusomea udereva wa magari makubwa. Nimpeleke, au kazi yenyewe ndiyo inakufa?"

JIBU

Kaka yangu, kazi ni njema, ahsante. Nianze na gari dogo, maana hilo liko melini linakuja, wakati lori la kwenye video halijafika hata Kasumulu.

Gari lako litaingia bandarini, litakaguliwa, TRA watalisajili kama gari jingine lolote, na hakuna trafiki atakayekusimamisha kwa sababu lina kamera kwenye kioo. Ila usidanganyike na tangazo la muuzaji: hilo si gari linalojiendesha. Wahandisi duniani wanayapanga magari kwa ngazi, kuanzia 0 hadi 5, kwa kufuata waraka wa chama cha wahandisi wa magari, SAE, uitwao J3016, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2014. Lako, kwa maelezo ya muuzaji, halizidi ngazi ya 2. Katika ngazi hiyo mashine inasaidia usukani na mwendo kwa pamoja, lakini macho ya barabarani ni yako muda wote. Ngazi ya 3 mashine inaendesha katika hali fulani tu, na wewe unakaa tayari kupokea ikikuita. Ngazi ya 4 haimwiti mtu: ikishindwa inajitafutia mahali salama inasimama. Ngazi ya 5 ni gari la kwenda popote, katika hali yoyote, na hilo halijauzwa na kampuni yoyote duniani.

Kwa hiyo jibu la Mbalizi kuhusu gari dogo ni jepesi. Anayekwenda polisi ni aliyeshika usukani, au aliyetakiwa kuushika. "Gari lilijivuta lenyewe, afande" si utetezi. Hata Marekani kwenyewe hali haiko mbali sana na hapo. Agosti 2025 baraza la mahakama la Miami liliamua kesi ya ajali ya mwaka 2019, ambapo dereva wa Tesla aliinama kutafuta simu iliyomdondoka huku mfumo wa gari wa kusaidia kuendesha, Autopilot, ukiwa umewashwa, akaua mtu. Kampuni ilibebeshwa theluthi moja ya lawama, na kwa sheria zao hiyo theluthi, pamoja na fidia ya adhabu, ikafika zaidi ya dola milioni 240. Theluthi mbili za lawama zilibaki kwa aliyekuwa kwenye kiti. Na hiyo ni kesi ya madai, iliyochukua miaka, dhidi ya kampuni iliyoko nchi hiyohiyo. Wewe wa Makambako kumfuata mtengenezaji Japani kwa gari la mtumba lililopita mikono mitatu, nisikudanganye, sitachukua hela yako kwa kesi hiyo.

Mambo machache ya vitendo kabla sijaenda kwenye lori. Rada ya gari la namna hiyo mara nyingi imefichwa nyuma ya nembo ya mbele au ndani ya bampa. Najua likifika tu fundi atakushawishi ufunge ngao ya chuma mbele, kwa sababu ya mbuzi na ng'ombe. Ukifunga, umeliziba gari macho, na siku unayotegemea lifunge breki lenyewe halitafunga, au litafunga katikati ya barabara bila sababu huku nyuma kuna Fuso. Kioo cha mbele kikipasuka, usiweke chochote kitakachopatikana: kamera iko nyuma ya kioo hichohicho, na kioo kikibadilishwa inatakiwa ipimwe upya kwa kifaa chake. Stika ya Nenda kwa Usalama bandika pembeni, usiibandike juu katikati. Halafu kile kipengele cha kujishikilia kwenye mstari, kizime ukiwa kwenye vipande ambavyo mistari imefutika au barabara inachimbwa. Pale Mbeya mjini wanapopanua njia nne za Nsalaga hadi Ifisi, kuna sehemu mstari wa zamani na wa muda vinapishana, na mashine haina namna ya kujua mkandarasi alikusudia upi. Kule kuvutwa usukani bila kutegemea ndiko kutakupeleka mtaroni.

Sasa lori.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973. Imerekebishwa mara kadhaa, lakini mifupa ni ileile. Isome uone: kila wajibu umetundikwa kwenye shingo ya mtu. Awe na leseni ya daraja lake. Asiwe amelewa. Akigonga asimame, amsaidie majeruhi, atoe taarifa polisi. Amtii askari anayemsimamisha. Gari zito lisizidi kilomita 80 kwa saa, na sehemu za makazi 50, na akizidisha, ni yeye anayeulizwa. Sheria hii haikutungwa kwa kufikiria gari lisilo na mtu, na lori lenye kiti kitupu haliwezi kutimiza hata nusu ya hayo. Kwa hiyo hata bila tangazo la serikali, ukilitoa yadi lori la hivyo likaingia TANZAM, umevunja sheria kabla halijafika mizani.

Hapo ndipo ilipo kazi yenyewe ya serikali yoyote inayotaka kuruhusu magari haya. Watu wanadhani ni kupima akili ya mashine. Hilo nalo lipo, lakini linafuata. La kwanza ni kuuchukua mzigo wote ambao sheria imemtwika dereva, kuushusha wajibu mmoja mmoja, na kusema huu sasa anaubeba fulani. Wajibu wowote ukibaki chini bila mwenyewe, siku ya ajali kila mtu atamwonyesha mwenzake.

Jimbo la Texas, ambako kuna lori linalofanana na hilo la kwenye video yako, walilimaliza kwa sentensi moja mwaka 2017: kwa ajili ya sheria za barabarani, mwenye mfumo wa kuendesha ndiye anayehesabiwa kuwa mwendeshaji, hata kama hayumo ndani. Basi. Hawakudai kibali cha pekee, na ndiyo maana makampuni yalikimbilia huko. Kampuni ya Aurora ilitangaza tarehe 1 Mei 2025 kwamba imeanza kubeba mizigo ya biashara kati ya Dallas na Houston bila mtu kwenye kiti. Hiyo ni barabara kuu iliyonyooka, ya tambarare, yapata kilomita 320, huwezi kuilinganisha na mlima wa Kitonga. Ambacho video haikukuonyesha ni kwamba mwezi huohuo mtengenezaji wa lori lenyewe, PACCAR, aliomba mtu arudishwe kwenye kiti, na akarudishwa. Na mwaka huohuo Texas wenyewe wakapitisha sheria nyingine inayodai kibali cha serikali. Ile "ndiyo" yao ya mwaka 2017 ilidumu miaka minane ikaanza kuwekewa masharti.

California walianza na upande wa masharti, na bado kuna pengo liliwaponyoka. Septemba 2025 polisi wa mji wa San Bruno walikuwa kwenye operesheni ya kukamata walevi usiku, wakaona teksi isiyo na dereva ya kampuni ya Waymo inageuza mahali pasiporuhusiwa, mbele yao. Wakaisimamisha, ikasimama vizuri kabisa. Ndani hamna mtu. Kitabu chao cha faini kilikuwa hakina mahali pa kuandika roboti, ikabidi wapige simu kwa kampuni. Sheria ya jimbo ya kuwawezesha polisi kuiandikia kampuni notisi ilikuwa imeshasainiwa mwaka 2024, ila ilipangwa kuanza kazi Julai 2026. Kwa upande huu sisi, amini usiamini, tumewatangulia kidogo. Ukipigwa tochi pale Igurusi, faini ya shilingi 30,000 inakaa kwenye namba ya gari, na gari halijali nani alikuwa anaendesha. Mashine ya trafiki inalijua gari. Lakini faini ni kitu kidogo. Kosa la kusababisha kifo halipelekwi kwenye kibao cha namba. Lazima mtu asimame kizimbani.

Na hili lilishatokea. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mji wa Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa anavuka barabara akikokota baiskeli. Kwenye kiti alikuwepo mwajiriwa wa kuangalia usalama. Uchunguzi wa bodi ya taifa ya usalama wa usafiri, NTSB, ulionyesha kuwa mashine ilimwona yule mama sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Muda unatosha kabisa. Ila ilikuwa inabadilisha mawazo: mara hiki ni kitu tu, mara ni gari, mara ni baiskeli, na kila ikibadilisha inaanza upya kukisia kinaelekea wapi. Sababu ya ndani ndiyo inayonisumbua zaidi mimi ninayeishi Mbeya: programu haikutengenezwa ikifikiria kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko. Pia breki za dharura za kiwandani za gari lile zilikuwa zimezimwa wakati mfumo wa majaribio unaendesha, ili zisigongane nao. Mwendesha mashtaka alisema hakuna msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Aliyeshtakiwa ni yule mwajiriwa, na Julai 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa miaka 3 ya kifungo cha nje.

Sasa chukua programu ya namna ile uiweke Ilula saa moja jioni, basi limesimama, kina mama na ndoo za nyanya wanakimbilia madirishani kutoka pande zote mbili. Au Mbalizi siku ya gulio. Kivuko kipo, ndiyo, kiko kule. Watu wanavukia hapa. Kama mtengenezaji anakuja kuomba kibali, mimi ningekuwa serikali ningemwambia asiniletee kilomita alizotembea Arizona, aniletee za Ilula, akiwa na mtu kwenye kiti, na aniambie mtu huyo aliingilia mara ngapi na kwa nini.

Kuna jambo jingine linanivutia kuliko yote, na linaonekana dogo. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamtaka dereva wa lori likiharibika barabarani aweke, ndani ya dakika 10, zile pembetatu nyekundu zinazong'aa, mbele na nyuma. Lori lisilo na mtu litawekaje? Aurora na Waymo waliomba waruhusiwe kutumia taa za kuwaka juu ya kichwa cha lori badala yake. Mwishoni mwa 2024 mamlaka ikakataa. Aurora wakaenda mahakamani. Oktoba 2025 mamlaka ikatoa ruhusa ya muda. Teknolojia ya mabilioni ya dola, ikakwamishwa na nani atashuka kuweka pembetatu.

Sisi je? Wewe una malori, unajua. Pembetatu zipo chini ya kiti kwa ajili ya ukaguzi. Lori likifa katikati ya Kitonga, utingo anaruka na panga, anakata matawi, anayatandika rundo kwa rundo akishuka nyuma ya lori hadi kuvuka kona. Dereva anayepanda akikuta rundo la kwanza anapunguza, hata kama mbele hajaona kitu. Akiona majani yamenyauka anajua huenda lori lilishaondoka jana na hakuna aliyejisumbua kuyatoa, lakini bado hapigi gia ya juu mpaka aimalize kona. Hiyo ni alama ya barabarani inayoeleweka na kila mtu kuanzia Ruaha Mbuyuni mpaka Tunduma, na haimo kwenye kanuni yoyote ya alama za barabarani. Mashine iliyofundishwa ughaibuni itaona takataka. Ikiwa na akili nyingi itaona takataka zinazopitika.

Halafu njia ikibaki moja, atatokea kijana na kitambaa au tawi mkononi anaita upande huu, anasimamisha ule. Si askari. Hana sare. Sheria inakulazimisha umtii askari, haisemi lolote juu ya kijana huyo, lakini usipomtii mtakutana uso kwa uso na semi linaloshuka. Je, kanuni iiambie mashine imtii nani? Ukisema imtii yeyote anayepunga mkono, umewapa wezi wa mizigo zawadi. Ukisema imtii mwenye sare tu, umefunga Kitonga siku nzima. Sina jibu la kitabuni kwa hili, na sijaona nchi iliyolimaliza. San Francisco, mwaka 2023, zimamoto walilalamika hadharani kwamba teksi hizi zinaingia kwenye maeneo ya uokoaji na kung'ang'ania pale pale, maana hakuna wa kumpigia kelele.

Ndiyo maana serikali yenye busara haitamki ndiyo au hapana, kaka. Inatamka wapi, saa ngapi, hali gani ya hewa, mwendo gani. California walipowapa Cruise, kampuni nyingine ya teksi zisizo na dereva, kibali Septemba 2021 kiliandikwa hivyo: sehemu fulani za San Francisco tu, saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, mwendo usizidi maili 30 kwa saa, na mvua na ukungu mwepesi viliruhusiwa. Mwepesi. Ukungu wa Njombe wa Juni na Julai, ule unaofanya uwashe taa saa nne asubuhi, usingekuwemo. Wala mvua ya Rungwe kati ya Uyole na Tukuyu. Ujerumani, kwa sheria yao ya mwaka 2021, wameligawa jambo mara mbili: mamlaka ya magari inapitisha gari, na mamlaka ya jimbo inapitisha eneo litakapotembea. Gari zuri kwenye eneo baya halina kibali. Na wanamtaka mtu halisi, msimamizi wa kiufundi, anayelifuatilia kwa mbali na mwenye uwezo wa kulizima.

Mfumo huo wa Kijerumani ndio ningeuchukua mimi, kwa sababu unatoshea hapa. TANROADS wanaijua barabara yao kipande kwa kipande. Tuseme Mafinga hadi Makambako mchana, hali ya hewa ikiwa safi, mtu akiwa kwenye kiti kama mwangalizi: hilo naweza kulisikiliza. Kitonga, hapana. Iwambi kushuka kuja Mbalizi, hapana kwa sasa.

Ingawa Iwambi nina mawazo mawili, acha niseme ukweli. Mashine haina tamaa ya kuweka gia huru ili kuokoa dizeli mlimani. Haisinzii saa tisa usiku. Haitafuni mirungi. Ukiniuliza kati ya mashine nzima na dereva aliyetoka Dar bila kulala, nani ashuke na tani 30 pale Simike, sitakujibu haraka. Lakini kesi za milima ya Mbeya ninazozijua zina breki zilizoisha, upepo unaovuja, trela iliyofungwa vipuri vya kuunga. Hayo hayaponywi na kamera. Serikali ikiweza kukagua breki za kila lori linalopita Inyala kwa uhakika, itaokoa watu wengi kuliko kanuni yoyote ya magari yanayojiendesha itakayoandikwa miaka kumi ijayo. Msimamo wangu ni huo na sitaubadilisha kwa sababu ya video.

Kibali cha namna hii lazima kiwe na kamba ya kukivuta. Cruise hao hao, Agosti 2023 walipewa ruhusa ya kubeba abiria wa kulipia saa 24. Oktoba 2 mwaka huo mwenda kwa miguu aligongwa na gari jingine, akarushwa mbele ya gari lao, likamgonga, likasimama, halafu likaanza kutafuta pembeni pa kuegesha huku likimburuta kama mita 6. Oktoba 24 jimbo likasimamisha vibali. Kilichowamaliza ni zaidi ya ajali: mamlaka ilisema haikuonyeshwa kipande cha kuburuzwa. Mwaka uliofuata kampuni ilikiri kwa serikali ya shirikisho kuwa ilitoa ripoti ya uongo, ikalipa dola 500,000, na Desemba 2024 General Motors, mwenye Cruise, ikaacha kabisa biashara ya teksi zile. Funzo kwa mwandishi wa kanuni ni kwamba data ya ajali isiwe hisani ya kampuni. Hapa kwetu hilo si geni: mabasi yana kifaa cha kufuatilia mwendo cha LATRA, mwenye basi akikichezea anajua kinachomkuta. Kifaa kama hicho, kinachosema ni nani alikuwa anaendesha sekunde ile, mtu au mashine, kiwe sharti la kwanza. Picha za watu zitakazorekodiwa njiani zitakuwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hapo kuna Tume yake.

Bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakulazimisha uwe na bima ya mtu wa tatu, na wewe unayo, sawa. Lakini mpangilio wake unategemea kwanza apatikane mtu mwenye kosa, ndipo kampuni ya bima imlipie. Dereva akiwa ni programu, mjane wa Mbalizi ataambiwa athibitishe kosa ndani ya msimbo wa kompyuta ulioandikwa ng'ambo. Hawezi. Waingereza waliliona hilo mapema: sheria yao ya mwaka 2018 inasema gari likiwa linajiendesha na likasababisha madhara, bima imlipe aliyeumia kwanza, halafu bima yenyewe ndiyo ihangaike na mtengenezaji. Sheria yao ya mwaka 2024 ikaongeza kwamba kampuni iliyopewa idhini ndiyo inayojibu kwa namna gari linavyoendesha, wakati aliyekaa ndani anabaki na mambo kama bima na mikanda ya watoto. Na ikafanya kuwa kosa kulitangaza gari kuwa linajiendesha wakati halijaidhinishwa. Muuzaji wako wa Japani angekuwa London angechagua maneno vizuri.

Ukienda Tunduma, kumbuka kibali cha Dodoma kinaishia getini. Ng'ambo ya pale ni Nakonde na sheria za Zambia. Lori la kimataifa lisilo na mtu litahitaji nchi zote kwenye njia zikubaliane, na nani ashuke kuonyesha karatasi forodhani.

Waanzie wapi, basi? Nikishauri, waanzie ndani ya uzio. Australia, kwenye machimbo ya chuma ya Pilbara, Rio Tinto walianza majaribio ya malori yasiyo na madereva mwaka 2008, kwenye barabara za kampuni ambako hapiti mama wa nyanya. Sisi tuna barabara za ndani za mashamba ya chai Mufindi. Huko mwenye shamba anawajua wote wanaopita, na mashine inaweza kujifunza ukungu na utelezi wetu bila kumtoa mtu roho.

Kijana mpeleke. Akasomee Chuo cha Taifa cha Usafirishaji au VETA, apate leseni kwa njia iliyonyooka, na akimaliza asiishie kwenye usukani: achukue na kozi ya umeme wa magari. Hata zile nchi zenye kiti kitupu zimemrudisha mtu mahali fulani, kwenye kiti kama mwangalizi, au ofisini kama msimamizi wa kiufundi, na wanamtaka mtu anayeijua barabara. Malori yako mawili yatazeeka kabla Kitonga haijapewa kibali. Likija suala la kununua la tatu, pesa ya ziada iweke kwenye mfumo wa breki ya injini na kamera ya kumwamsha dereva anayesinzia. Hivyo vyote ni halali leo, na havimtoi mtu kwenye kiti.